Mama Triza na Ukuta wa Nyumba ya Madebe

Mourine Kageha, ambaye Majengo nzima inamwita Mama Triza, aliingia Nyumba ya Madebe miaka tisa iliyopita akiwa na ufagio. Kiwanda cha blanketi alikofanyia kazi tangu ujana kilikuwa kimefungwa, na kamati ya mtaa ilikuwa inatafuta mtu wa kufagia na kuwafungulia wageni.

Nyumba hiyo ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na ua wenye jiko nyuma. Kuta ni za fito na udongo, na paa ni madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa yakanyooshwa. Wajukuu wa mwenye nyumba wa kwanza walikataa kuiuza ijengwe ghorofa, wakaikabidhi kamati iwe makumbusho. Ndani kuna pasi ya makaa, kitanda cha kamba na picha za harusi za watu waliowahi kupanga hapo. Lakini wengi hawaji kwa ajili ya pasi. Jumanne kuna darasa la cherehani, Alhamisi wazee hucheza bao, na Jumamosi vijana wa Majengo na wa Buruburu hujifunza kupika pilau uani.

Mvua ya Aprili, mwaka juzi, iliangusha ukuta wa nje wa chumba cha tatu. Hakuna aliyeumia. Kamati ikamwita Mutisya, mhandisi anayejitolea kuwasaidia, naye akasema dawa ni simiti: ukuta ujengwe upya, kisha nyumba nzima ipigwe plasta.

Mama Triza alikuwa akigawa chai mkutanoni. Miaka yote hiyo hakuwahi kufungua mdomo mbele ya kamati. Aliweka birika chini.

"Injinia, samahani. Ukuta wa udongo unapumua. Ukiufunga kwa simiti, maji yakiingia hayatapata pa kutokea."

"Mama Triza, ujenzi umesomea wapi?" Mutisya aliuliza, bila ubaya.

"Kwa mama yangu, Vihiga. Kila Disemba tulikandika nyumba, mimi na dada zangu."

Abukar, mwenyekiti, alitazama huku na huku, kisha akaamua. Ukuta wa jikoni ungegawanywa: upande wa kushoto simiti ya Mutisya, wa kulia udongo wa Mama Triza. Mvua za mwisho wa mwaka zikipita, wangeona.

Kupata udongo hakukuwa rahisi. Udongo mweusi wa Eastlands, upande huu wa jiji, hupasuka ukikauka. Kimani wa mtaa wa Tena, dereva wa lori anayeimba naye kwaya, alianza kumletea udongo kwenye mikebe kutoka kila mahali alikopeleka mzigo. Mama Triza aliulowesha, akauviringisha uwe mwembamba kama kamba, akaupinda kidoleni. Udongo wa mkebe wa kwanza ulikatika. Wa pili pia. Wa tano, mwekundu, kutoka shimo la msingi huko Kiambu, ulipinda bila ufa. "Huu," alimwambia Kimani. "Niletee huu."

Mvua za Oktoba zilikuja kwa nguvu. Disemba Mutisya alirudi, akabonyeza simiti yake kwa kidole gumba. Kipande kikubwa kama sinia kilibanduka, kikaanguka na udongo wa zamani nyuma yake. Upande wa kulia ulikuwa na mikwaruzo ya kuku tu. Mutisya alimgeukia Mama Triza.

"Basi nifundishe," alisema.

Jumamosi ya pili ya Januari, lori la Kimani lilimwaga udongo barabarani, na watu wakaja: darasa la cherehani, kwaya ya kanisa, wacheza bao. Magan, mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, alileta chai ya tangawizi na mahamri. Mutisya alikunja suruali akaingia matopeni na wenzake. Mukami, msichana wa darasa la kupika, alichoka mapema.

"Mathe, hii matope tunaikanyaga hadi saa ngapi?"

"Mpaka iache kukushika miguu," Mama Triza alimjibu.

Walipokuwa wakifunga fito mpya za ukuta ulioanguka, mama mmoja mwenye mkongojo alishuka kutoka tuktuk. Jina lake Anyango, muuguzi mstaafu wa Buruburu, na alizaliwa katika chumba hicho cha tatu. Alisimama mbele ya ukuta, akatikisa kichwa.

"Mmesahau dirisha."

"Hapakuwa na dirisha, Nyanya," Abukar alisema kwa upole.

"Palikuwa nalo. Mama alikuwa akiniitia chakula kupitia hapo."

Mama Triza alipiga magoti penye kipande cha ukuta wa zamani kilichobaki, akakwangua udongo kwa kisu. Ndani, fito tatu zilikuwa zimekatwa sawasawa kwa msumeno, na kando yake palikuwa na kizingiti cha dirisha kilichooza. Mtu aliliziba dirisha zamani, na kila aliyepita baadaye akadhani ni ukuta mtupu.

Fito zilifunguliwa. Jioni dirisha dogo lilikuwa mahali pake, na Nyanya Anyango akaingia chumbani, akachungulia nje, akamwita Magan amletee chai. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini na matope yao.

Siku hizi kila Januari nyumba hukandikwa, na watu hujiandikisha mapema. Kamati imemfanya Mama Triza fundi mkuu; kufagia ni zamu ya wote. Mwezi uliopita Mutisya alimpigia simu kuhusu nyumba nyingine ya udongo, akitaka waikague pamoja Jumapili.

"Jumapili nina kwaya," alimjibu. "Njoo Jumatatu. Nitakuja na Mukami. Ana mkono mzuri kuliko wako."