Simaloi na Bastola Isiyong'aa

Simaloi Loishiye alipewa risasi kumi. Tatu ziligusa karatasi. Saba zilikwenda kwenye udongo, zote chini kushoto.

Ilikuwa mwezi wa tatu, siku ya majaribio ya shabaha kwa walinzi wa shamba moja la mkonge, njia ya Mazinde. Sheria yao haikuwa ndefu: anayeshindwa anarudia baada ya wiki tatu, na akishindwa tena anavuliwa silaha, anapelekwa getini kuandika namba za magari. Simaloi alikuwa mwanamke pekee aliyebeba bastola pale, na alikuwa ameibeba miaka tisa. Kupelekwa getini kungewapa ushahidi wote waliosema tangu mwanzo kwamba hawezi.

"Tatizo si bastola, Mama Nemayian," alisema Dominiko, mkuu wa ulinzi, akimwita Simaloi kwa jina la mwanawe, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Tatizo ni kidole. Hicho ni kidole cha kukamua."

Walinzi walicheka.

"Umewahi kukamua, afande?" Simaloi alimuuliza.

"Mimi? Mimi ni mtu wa Kwashemshi. Nimekulia kwenye migomba."

"Basi kidole hiki hukijui. Ukimvuta ng'ombe kwa pupa, anakupiga teke. Unabana taratibu, sawasawa, mpaka maziwa yaje. Nimefanya hivyo tangu nina miaka sita. Bastola hii ndiyo haitaki kuvutwa sawasawa."

Alisema kweli. Kifyatulio, kile chuma kinachovutwa kwa kidole, kilikuwa kinakwama katikati ya safari yake. Unabana, hakiendi. Unaongeza nguvu, kinaachia ghafla kwa kishindo, na mdomo wa bastola unainama wakati risasi inatoka. Hakuna kidole duniani, cha mwanamume au cha mwanamke, kinacholenga vizuri kwa namna hiyo.

Nataka msomaji amjue mwanamke huyu vizuri. Alizaliwa kwenye tambarare kavu za Handeni, katika boma la wafugaji. Ukame ulipomaliza ng'ombe wao, yeye ndiye aliyefunga safari kutafuta kazi, si kaka zake. Shambani walizoea Wamasai wanaume kuja kuomba ulinzi. Walipomwona yeye walimuuliza mume wake yuko wapi. Aliwajibu kwamba hakuja kumwombea mume kazi. Walimchukua ili awapekue wanawake wanaotoka ghalani, basi. Miaka miwili aliomba mafunzo ya silaha, kila mwezi, kwa maandishi, mpaka wakachoka kumkatalia. Watu wa aina hii hawaandikwi magazetini, na hilo ni kosa la magazeti.

Baada ya vicheko kwisha, Dominiko alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alitaka tu mambo yaishe.

"Fanya kama wenzako," alisema. "Mlinzi mwenzako Julius aliipeleka yake kwa fundi baiskeli Mombo. Alimkatia springi kidogo. Sasa ukigusa tu, inatoka."

"Ndiyo maana sikai karibu na Julius."

"Unakataa?"

"Ninakataa. Sitembei na bastola itakayofyatuka nikipiga chafya, na kina mama wa ghalani wakiwa mbele yangu. Niandikie kibali niipeleke kwa fundi mwenye leseni."

Hakuandika. Simaloi alimwandikia yeye mara tatu, kisha akapeleka nakala zote tatu kwa meneja. Meneja alisaini siku hiyo hiyo.

"Umeniruka," Dominiko alilalamika.

"Barua zangu unazo, afande. Ungezijibu."

Basi bastola ilipelekwa Korogwe kwa gari la ulinzi, ndani ya sanduku lililofungwa, na Simaloi akakaa pembeni yake njia nzima. Fundi aliitwa Mzee Yordani, mstaafu wa jeshi aliyerekebisha silaha kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Inaumwa nini?"

"Inakwama, halafu inaruka."

Mzee alihakikisha haina risasi, akahakikisha tena, ndipo akaifungua. Alichungulia ndani kwa muda, akachukua kibano chembamba na kuanza kuvuta. Kilitoka kitu cheusi kama nywele zilizoziba bomba la bafu. Akavuta kingine. Na kingine.

"Hizi ni singa za mkonge," alisema. "Mnafutia nini silaha zenu?"

Pale shambani kila kitu kinafutwa kwa singa fupi zinazobaki kwenye mashine: mikono, vioo vya magari, sufuria, bastola. Kisha bastola inapakwa grisi ya korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge, ili ing'ae. Dominiko hukagua kwa kuangalia mng'ao. Hata yeye Simaloi alifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka tisa, tena kwa bidii kuliko wote.

"Nimeiua mwenyewe," alisema.

"Haijafa. Imeshiba uchafu tu. Springi siigusi, ni nzima."

Aliosha kila kipande, akakausha kwa kitambaa cha pamba, akatia mafuta ya cherehani tone moja moja, akaifunga. Simaloi aliielekeza ukutani, tupu, akabana. Kifyatulio kilikwenda taratibu, sawasawa, mpaka mwisho wake. Alicheka peke yake.

Wiki iliyobaki, kila asubuhi kabla ya zamu, alisimama kwenye chumba cha silaha na bastola tupu, kizibo cha soda kikiwa juu yake, akibana bila kukiangusha.

Siku ya marudio ilifika. Dominiko alipita akikagua, akasimama mbele yake.

"Hii haing'ai. Ipake grisi kabla ya kuingia kwenye mstari."

"Sipaki, afande."

"Hiyo ni amri."

"Basi andika kwamba nimekataa amri, na uandike fundi alitoa nini ndani. Mabonge ya singa yapo kwenye bahasha mezani kwako tangu juzi. Ukiniondoa kwenye mstari, niondoe kwa maandishi."

Meneja alikuwa amesimama pembeni, akitazama. Dominiko alisogea kando kumpisha.

Simaloi alifyatua. Hakuharakisha. Tisa ziliingia kwenye karatasi, moja ilipita juu.

"Bahati," alisema Dominiko.

"Niongezee kumi."

Hakumwongezea. Jumatatu alimpa barua ya onyo: silaha isiyopakwa, kinyume na utaratibu wa ukaguzi. Simaloi aliisoma yote akiwa amesimama, akaomba kalamu. Alisaini, na chini ya saini yake akaandika kwa herufi kubwa, TISA KATI YA KUMI. Kisha akachukua bastola yake, akaenda zamu ghalani.

Alipotoka zamu, Julius alikuwa ofisini kwa meneja, akiomba kibali cha kupeleka bastola yake Korogwe.