Sheria Iliyomfukuza Dada Yangu

Mume wangu hakupigiwa kura na mtu. Mzungu aliyesimamia mitaa ya Waafrika ya Elisabethville, katika Kongo ya Wabeleji, alimwita ofisini, akamwambia kwamba kuanzia siku ile yeye ni mjumbe wa baraza la site. Site ndilo jina la mitaa yetu, iliyotengwa na nyumba za Wazungu kwa kiwanja kitupu. Mume wangu alikuwa karani, Kifaransa chake safi, pombe haonji, Jumapili tuko misani. Mtu wa namna hiyo ndiye waliyemtaka. Majirani walikuja kumpongeza. Nilipika kuku, nikampigia pasi koti, nikaamini kabisa kwamba sheria zinatungwa pale anapokwenda kuketi.

Kisha shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, akafa kwa kichomi. Alikuwa mwashi, akijenga Katuba wakati mtaa ule ulipokuwa bado vichaka na marundo ya matofali. Wageni wa kilio hawajaondoka wote, polisi wa site akasimama mlangoni kwa dada.

"Mama, hii nyumba iliandikwa kwa jina ya bwana yako," alisema. "Bwana hayuko tena. Mwanamuke bila bwana hana ruhusa ya kubakia mu site. Utarudia kwenu, ku mugini." Yaani kijijini.

"Kwetu njo hapa," dada akamjibu. "Nilizaliwa hapa."

"Kwenu kwa baba yenu."

Baba yetu alitoka upande wa Kongolo kuja kutandika reli, akazeeka na kufa mjini. Dada hakuwahi kuikanyaga nchi ile. Alichojua cha huko ni majina ya mito tu.

Nilimngoja mume wangu atoke kazini. Tangu tulipopata mtoto wa kwanza nilimwita Baba, naye aliniita Mama.

"Baba, weye unaikala ku baraza. Sema juu ya yaya, dada yangu."

"Mama, pale hatusemi juu ya bandugu. Tunajibu yenye banatuuliza."

"Banawauliza nini?"

"Mambo ya mifereji. Mambo ya taa."

"Basi bakiuliza mifereji, weye jibu wajane."

Na kweli alijibu. Hilo simnyimi. Lakini alirudi amekunja uso. Msimamizi alikuwa amemsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akasema ushauri umesikiwa, ila sheria inatoka juu.

"Juu wapi?" nikamuuliza.

Akanieleza. Juu ya msimamizi kuna mkuu wa jimbo. Juu yake kuna Gavana Mkuu, Leopoldville. Juu yake kuna waziri, Bruseli. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona mlango wa dada yangu. Lakini wakuu hao hawakai peke yao. Mkuu wa jimbo anapotaka kuamua, huketi na wakubwa wa makampuni, na padri, na Wazungu wenye mashamba. Makampuni yanataka kila nyumba itoe mwanamume wa kwenda kazini asubuhi. Padri hataki wanawake wasio na waume mjini, anasema wanaleta dhambi. Serikali inataka mji utulie. Kila mmoja alivutia upande wake mpaka wakapatana, na pale walipopatana ndipo dada yangu alipokuwa amesimama na watoto wake.

"Na ninyi wa baraza?"

"Siye tunashauri," mume wangu akasema, akivua koti.

Siku hiyo sikulitundika. Nililiacha kitini.

Asubuhi nilimchukua dada na wajane wengine wa mtaa wetu, tukaenda kukaa mbele ya mlango wa ofisi ya msimamizi. Tarishi alitufukuza kama kuku, hatukutoka. Mwishowe Mzungu mwenyewe akatokea. Alikijua Kiswahili, kile cha kuamrisha watu kazini.

"Wamama, hii sheria ina nguvu kuliko miye," alisema.

"Basi tuonyeshe mwenye nguvu kuliko sheria," nikamwambia.

Alicheka. Mpaka leo nakisikia kicheko chake. Hakikuwa cha ubaya, na hicho ndicho kilichonichoma. Alicheka kama mtu aliyeulizwa na mtoto jua linalala wapi. Akaniuliza jina la mume wangu, akaingia ndani.

Jioni ile mume wangu hakugusa chakula. "Unataka banitoshe, banifukuze ku baraza?"

"Bakutoshe! Pale unafanya nini?"

Aliinuka, akaenda kulala. Najua alikuwa na hofu ya kupoteza na kazi pia, na hofu ile haikuwa ya bure. Lakini usiku huo nilimwona mdogo.

Dada aliondoka na treni ya kaskazini. Polisi alikuja naye mpaka stesheni ahakikishe amepanda. Alibeba cherehani yake kichwani, kwa maana hakumwamini mtu kuishika. Hakulia. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akisoma vizuri kwa masista, alining'ang'ania kitambaa mpaka kikachanika. Baadaye watu waliotoka huko walituletea habari: ndugu za baba waliwapa kibanda nyuma ya nyumba, shule iko mbali, na mtoto mdogo wa dada ameshikwa na homa, amekufa.

Miaka ikapita. Siku moja mume wangu alirudi kutoka barazani karibu anakimbia. Mjane mwenye watoto sasa anaweza kubaki mjini.

"Mama, balitusikia!"

"Kwa nini basi leo?"

Si mtu wa kusema uongo. Akakiri kwamba makampuni ndiyo yaliyoomba. Yalichoka kuchukua vijana wapya wa kijijini na kuwafundisha kazi upya. Yaliona afadhali watoto wa wafanyakazi wakue hapa hapa, karibu na mashine.

Niliketi chini. Machozi ya wajane hayakusogeza hata herufi moja. Mashine zilipohitaji mikono, sheria ikageuka.

Baraza likafanya sherehe, wake tukaalikwa. Msimamizi, mwingine sasa, kijana, alisifu ushauri mwema wa wajumbe, kisha akatuomba akina mama tupige makofi kushukuru serikali. Nikasimama.

"Dada yangu aliomba neno hili hili, mukamupandisha treni. Mutoto wake alikufa kule. Nishukuru nani?"

Mke wa mjumbe mmoja alinivuta sketi. Kumbe mume wangu naye alikuwa amesimama. Alikuja akanishika mkono, tukatoka. Mwaka uliofuata hawakumteua tena, naye hakuuliza sababu.

Nilipanda treni kwenda kumrudisha dada. Nilimkuta shambani, mikono imekuwa migumu.

"Bananifukuza, nafukuzika. Bananiita, nakuya?" alisema. "Hapana. Nilizika mutoto hapa. Muchukue mukubwa, asome."

Nikarudi na binti peke yake. Alikuwa mkubwa mno kwa darasa alilokuwa ameliacha, masista wakamweka na watoto wadogo, akavumilia aibu ile mpaka akamaliza. Watu wakimsifu mbele yangu, daima kuna mmoja wa kusema Wabeleji walitupatia hili na lile. Mimi huinuka, nikatoka nje, maana nikibaki nitamtukana.