Siku Niliyogeuza Gari kwa Macho ya Papa

Gari langu lina usukani upande wa kulia, kama magari mengi ya Goma yanayotujia kutoka nchi za mashariki. Lakini kwetu tunaendesha tukishika upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa karibu na mtaro, na abiria wa mbele ndiye anayekuwa katikati ya barabara. Ukiwa nyuma ya lori na unataka kulipita, au unataka kugeuza urudi ulikotoka, huoni kinachokuja. Lazima mtu akuangalizie. Mimi niliangaliziwa na baba yangu, papa kama tunavyosema kwetu.

Papa alichunga ng'ombe katika milima ya Masisi tangu utoto. Watu wa kwetu walisema alikuwa akimtambua ng'ombe wake akiwa kwenye mlima wa ng'ambo, na kujua hata kama anachechemea. Vita vilipomtoa huko alikuja kukaa nami Goma, mtaa wa Mapendo, ninapofundisha shule ya msingi. Mjini hakuwa na ng'ombe wala shamba. Alikuwa na kiti cha mbele cha gari langu. Tukifika mahali pagumu ninamuuliza, "Papa, kuko mutu?" naye anainama kidogo mbele, anatazama, anasema, "Pita, mama." Baba wa kwetu akimpenda binti yake humwita mama.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tunakwenda Lac Vert kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa. Tulishapita Katindo, tumeshika barabara ya Sake, ndipo papa akaanza kujipapasa mifuko ya koti.

"Karata yangu imebakia nyumbani," akasema.

Karata ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu. Kwenda upande ule wenye vizuizi vya askari bila karata, mzee wa Masisi mwenye lugha yetu inayotiliwa shaka, ni jambo ambalo mtu halifanyi kwa hiari. Nilianza kuwaza atakayetusimamisha, atauliza nini, papa atajibu vipi, na mimi nitasema nini. Niliwaza hayo yote kabla sijawaza namna ya kurudi.

Mbele kidogo, mwendo wa dakika mbili tatu, kulikuwa na kituo cha mafuta chenye uwanja mpana. Magari hugeuzia hapo, na nilipajua. Lakini nilikuwa na haraka ya mtu mwenye woga. Barabara pale ilikuwa imepinda kidogo, na lori limeegeshwa kando, limebeba mbao. Nikasimama nyuma yake. Nikaangalia kioo, nyuma hakukuwa na mtu. Mbele niliona mbao tu.

"Papa, kuko mutu?"

Aliinama, akatazama muda mrefu kuliko siku zote.

"Hapana. Pita, mama."

Nikakata usukani kushoto. Gari lilikuwa limekingama barabarani nilipoiona pikipiki kwenye dirisha langu, karibu sana, na mdomo wa motari aliyeiendesha uko wazi. Iligonga juu ya gurudumu la mbele. Motari alidondoka upande huu, abiria wake upande ule. Halafu nikamsikia papa anauliza kwa sauti ya chini, "Ni nini? Tumegonga nini?"

Nilidhani ni mshtuko. Pikipiki ilikuwa imelala hatua tatu kutoka kwake, nyekundu, gurudumu bado linazunguka.

Motari alinyanyuka mwenyewe, goti linatoka damu. Abiria alikuwa mama kijana aliyekaa chini akiushika mkono wake wa kuume kama mtu anayebeba yai. Nikapiga magoti mbele yake.

"Dada, nisamehe. Umeumia wapi?"

"Mkono," akasema. "Mimi niko fundi wa kushona." Akarudia, "Niko fundi wa kushona," kana kwamba hakuwa na la zaidi la kunieleza.

Wamotari wengine walikuwa wanafika, wawili, watano, kisha sikuhesabu tena. Mtu aliyeishi Goma anajua jinsi kundi linavyokusanyika haraka kwa ajili ya mwenzao. Mmoja alipiga kofi juu ya bati la gari. Nilimwona papa amesimama kati yao, kofia mkononi, anageuza kichwa kufuata sauti, anasema, "Miye njo nilimwambia apite. Mtoto hana kosa." Hapo nikaogopa kweli, maana alikuwa akimwambia hayo mtu aliyekwisha kuondoka mbele yake.

Aliyetuokoa ni polisi wa barabara, mama mmoja mnene mwenye sauti isiyo na haraka. Aliwaondoa watu, akamtafutia fundi gari la kumpeleka hospitali, kisha akanirudia, akaniuliza jina na kazi.

"Mwalimu, hapa unaweza kugeuza?"

"Sijui, afande."

"Unajua. Penye kona huwezi. Kama hauone anayekuja, huwezi. Nyuma ya lori, huwezi. Hata kama hakuna kibao. Anayekuja kwa upande wake njo mwenye barabara, wewe unayegeuza unangoja." Akatazama usukani, akatazama kiti cha kushoto. "Uligeuka kwa macho ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Sheria inajua mwenye kushika usukani tu."

Papa aliomba aandikwe yeye. Yule mama alimjibu kwa heshima, "Muzee, hapana," akaandika jina langu, akachukua karatasi za gari, akaniambia nifike ofisini Jumatatu.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi tukingoja picha ya mkono wa fundi. Nikamuuliza papa ile pikipiki ilikuwa ya rangi gani. Akaigeuza kofia yake mikononi. Nikamwonyesha mlango uliokuwa mbele yetu, nikamuuliza nani amesimama pale.

"Ni nesi," akasema.

Hapakuwa na mtu.

"Tangu lini, papa?"

"Jicho hili, toka mvua za mwaka uliopita. Lile lingine, pole pole tu. Iko kama moshi."

Alinieleza bila kunitazama. Nyumbani alikuwa anahesabu hatua. Watu aliwajua kwa sauti. Kanisani aliifungua Biblia kama anayesoma, kumbe mistari aliijua kwa moyo. Na barabarani alikuwa anasikiliza. Kama hasikii injini, anasema pita. Asubuhi ile upepo ulikuwa unavuma, na turubai la lori lilikuwa linapiga kelele.

Nilianza kukumbuka mara zote. Kuna siku nilimpakia mtoto wa jirani nyuma, nikalipita basi kwenye mteremko. Siku nyingine ilinyesha mvua. Kila moja ilinirudia ikiwa na pikipiki kwenye dirisha langu.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniacha nyumbani," akasema. "Kwa gari njo nilikuwa na kazi."

Nilikuwa na hasira tayari mdomoni. Nikaimeza, si kwa wema, ila kwa sababu mlango ulifunguka na fundi akaitwa.

Mfupa wa kifundo ulikuwa umepasuka, haukuvunjika. Walimfunga plasta, wakasema asishike kazi mpaka itolewe. Nilikuwa nikienda kwake kila siku baada ya shule, kuchota maji, kufua, kumkatia vitambaa alivyonichorea kwa mkono wa kushoto. Siku za mwanzo hakuniongelesha sana. Jumatatu ofisini nilikubali kosa na kutia sahihi, na gari likakaa kwao kwa muda. Sikulitamani. Nilitembea kwa miguu na kwenye kila kona nilisimama mpaka watu wakanipita.

Papa alifanyiwa upasuaji wa jicho moja. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba lingetibiwa mapema kama angesema. Bandeji ilipotolewa alitazama ukuta wa chumba kwa muda mrefu, kisha akauliza kama siku zote ulikuwa mchafu vile.

Fundi alitolewa plasta wiki ileile. Nilikuwepo alipoketi kwenye mashine yake mara ya kwanza. Mkono ulikuwa umekonda, na mshono wa kwanza ulikwenda kombo. Aliufumua. Wa pili ulikwenda kombo pia. Nilisimama nyuma yake. Akauanza wa tatu pole pole, akafika mwisho wa kitambaa, akaugeuza kwenye mwanga kuutazama.

"Wa leo unatosha," akasema. "Keti basi, mwalimu. Unanitia wasiwasi."

Nikaketi.