Mpimaji Mwenye Viganja vya Joto

Kila baridi inapoingia, Evarista humkumbuka yule mpimaji wa maabara kule Mbeya, alikopeleka damu yake ichunguzwe hadi kwenye vinasaba, ijulikane kwa nini ini lake limejaa mafuta. Mpimaji huyo alikuwa akisugua viganja mpaka vipate joto, ndipo akushike mkono. Damu ikishaingia kwenye mrija, aliugeuzageuza polepole kana kwamba anabembeleza mtoto, huku akitania, "Nyie Wahehe, hata damu yenu haina haraka!"

Evarista alitaka kujua jambo moja tu. Marehemu baba yake alivuliwa uzee wa kanisa huko Idodi ini lake lilipoharibika, kwa kuwa kijiji kizima kiliamini ini huharibiwa na ulanzi, ile pombe ya mianzi, peke yake. Alikufa akiapa kwamba hajauonja.

"Una kinasaba kinachorundika mafuta kwenye ini, hata la mtu asiyekunywa," mpimaji alimwambia.

"Nimekirithi kwa baba?"

"Damu yake sikuipima, dada. Niletee mama yako."

Mama akaja, akapimwa. Siku ya majibu mpimaji alisema kwa sauti ya chini, "Mama, wewe huna. Basi kimetoka kwa mzee."

"Kila jioni nilikuwa namnusa mdomo," alisema mama yake Evarista. "Hata siku aliyokufa."

Nje foleni ilikuwa ndefu. Mpimaji akavua glavu, akafunga mlango, akaketi kando ya mama.