Mafuta kwenye Skrubu za Mama Mboyo

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano. Nilipewa ngazi. Nilikuwa nimefika Base ya Kamina, kambi ya ndege za jeshi, na cheti cha ushonaji kutoka kwa masista, viatu vya kuazima, na blauzi niliyoipiga pasi mara tatu, nikidhani nitakalishwa kwenye cherehani kama mtu. Ajida wa Nyumba, mwanajeshi aliyesimamia nyumba zote za familia pale base, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu vya watu, kisha akanionyesha ukuta.

"Sitwayeni," alisema, yaani raia, maana ndivyo tulivyoitwa sote wakati ule, "weye njo utapanda."

"Nipande wapi, Ajida?"

"Pa dirisha. Basoda banakataa mwanaume aingie mu chambre ya bibi yao wakati beko ku operation. Fundi ya zamani alipigwa ngumi mbili, akakimbia. Weye uko mwanamuke. Panda."

Nikaelewa: askari wakiwa vitani hawakutaka mwanamume chumbani kwa wake zao. Basi nikapanda, na nikaendelea kupanda miaka yote ya Zaire, mpaka magoti yakasema basi. Kazi ilikuwa mapazia, au rido kama tunavyosema huku. Ninyi mnaoshona sasa mmenisumbua niwaelezee ilikuwaje. Nitaeleza, ingawa nimechoka, na ipo nyumba moja nisiyopenda kuifikia: nyumba ya Mama Mboyo, mjane aliyehitaji wiki sita tu za kukaa ili binti yake afanye mtihani. Lakini hamtaielewa bila kuijua kazi yenyewe.

Kwanza, usipime dirisha. Pima mahali chuma kitakapokaa, ile fimbo inayobeba pazia, ambayo sisi tuliiita tringle. Ipite dirisha kiganja kizima kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe mwanga. Kitambaa kiwe mara mbili ya urefu wa chuma, la sivyo hakitapata marinda, kitaning'inia kama shuka kwenye kamba. Dirisha linalotazama magharibi linataka kitambaa kizito chenye bitana, maana jua la jioni linakula rangi. Jikoni weka pazia fupi, mbali na mbabula ya makaa. Na kwa kuwa sakafu zetu zilipakwa rangi nyekundu, pazia liishie vidole viwili juu yake.

Halafu kulikuwa na pindo. Wake wa askari walitaka pindo la chini liwe refu kupita kiasi, kwa sababu mume angeweza kuhamishwa wakati wowote, na madirisha ya huko yangekuwa marefu zaidi. "Mama, uniachie pindo ya mutation," waliniambia, yaani pindo la uhamisho. Nimeshona mapindo ya watu waliohamishwa mara tano. Nimeshona na ya watu ambao hawakuwahi kuyafumua.

Kuta za base zilikuwa zege la Wabelgiji, na keekee ya mkono ilipiga kelele tu bila kuingia. Tulichimba kwa tindo na nyundo, tukapigilia kipande cha mti ndani ya tundu, ndipo skrubu ipate pa kushika. Ndege zilipopaa, pete zote zilicheza kwenye chuma, na skrubu mbaya ilijifungua yenyewe. Aliyenifundisha haya ni Kapita wa atelier, yaani msimamizi wa karakana yetu, mzee wa Bukama mwenye vidole vifupi na maneno machache. Aliniwekea kichupa cha mafuta ya cherehani katika mfuko wa aproni.

"Fundi mubaya anafunga tu," aliniambia. "Fundi muzuri anafunga na anawaza muntu mwenye atafungua."

Neno hilo liliniingia mikononi, halikutoka tena. Kila nilipopanda ngazi nilifuta kutu, nikadondosha tone, nikakaza. Hata nilipopelekwa kwenye nyumba za maofisa, chini ya Major wa Intendance, mkubwa wa vifaa vyote, kichupa kilikuwa mfukoni. Major alitaka mapazia ya kijani kwa sababu bendera ni ya kijani. Mke wake alitaka maua. Niliweka kijani nje na maua kwenye bitana, kila mmoja akaona ushindi kwa upande wake. Mawee! Ndoa ngapi nimeziokoa kwa bitana.

Sheria ilikuwa moja: kitambaa ni cha mke, chuma na skrubu ni vya Leta, yaani Serikali. Familia ikiondoka, mimi ndiye niliyefungua chuma na kukirudisha depo. Kabla sijafanya hivyo, Ajida hakuweza kumpa mtu mwingine nyumba. "Nyumba yenye rido iko na mwenyewe," alikuwa akisema.

Ndipo sajini mmoja alipofia kwenye operation, na baada ya kilio nikatumwa na ngazi yangu kufungua chuma kwa mjane wake, Mama Mboyo, mtu wa Equateur. Mboyo, binti yake wa pekee, alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mtihani wa Serikali ulikuwa baada ya wiki sita.

"Mama, sikatae," mjane aliniambia. "Nyumba iko ya Leta. Lakini huyu mutoto amesoma miaka yote hii. Wiki sita tu."

Mboyo alikuwa mezani na kitabu. Hakuinua kichwa, ila kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari uleule. Nilipanda, nikaweka bisibisi kwenye skrubu. Kisha nikashuka.

"Hizi skrubu zimeshikwa na kutu," nilisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Nikizivuta, zege itaanguka. Zinataka mafuta, na mafuta inataka siku mingi."

Mama Mboyo alinishika mikono miwili. Ajida nilimpelekea habari hiyohiyo. Kila Jumatatu nilirudi kule na ngazi, na kila Jumatatu jioni aliniuliza.

"Sitwayeni, skrubu gani hii inakataa mafuta wiki tano?"

"Iko ya Leta, Ajida. Kitu ya Leta haina haraka."

Alicheka, akaniacha. Nakiri nilifurahi. Katika kazi ile ya uchovu na vumbi, hizo ndizo wiki nilizotembea kifua mbele.

Sasa sikieni ujinga wangu. Kila Jumatatu nilipanda ngazi ile kweli, nikapaka mafuta kweli. Ningeweza kukaa sebuleni nikanywa chai na mjane, nani angejua? Lakini mikono ilikuwa imezoea. Nililegeza kidogo, nikafuta kutu, nikadondosha tone, nikakaza.

Siku nne kabla ya mtihani Ajida alikuja mwenyewe, pamoja na askari aliyekuwa akiingojea nyumba ile na kunung'unika hadi kwa Major. Ajida alipanda ngazi yangu. Hakuomba bisibisi, alitoa sarafu ya makuta mfukoni na kuitia kwenye skrubu. Ikazunguka. Akaacha sarafu, akaimalizia kwa vidole viwili, na skrubu ikamwangukia kiganjani iking'aa.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema yule askari.

 Ajida alishuka, akanisogelea, akasema polepole, "Minyi nilijua tangu siku ya kwanza. Kama ingekataa kiloko tu mbele ya huyu muntu, ningerudi. Kiloko tu, kidogo tu, sitwayeni. Sababu ya nini ulipaka?"

 Karatasi yao ya treni, ya kurudi kwao Equateur, ilikuwa ya kesho yake. Niliomba Mboyo abaki kwangu mjini afanye mtihani, nami nimpeleke baadaye. Mama yake alitikisa kichwa akilia. "Bakwe bangu banangoya. Nikifika bila mutoto watasema nimemuuza." Mboyo ndiye aliyekunja mapazia. Yalikuwa na pindo la mutation, refu, halijafumuliwa. Hakulia, wala hakuniaga.

Watu huuliza kama nilifukuzwa. Hapana. Mke wa yule askari alisifu jinsi chuma kilivyofunguka vizuri, na nikaendelea na ngazi miaka mingi zaidi. Kama Mboyo alipata kufanya mtihani ule mahali pengine, sijui. Barua haikuja. Waliposoma majina ya waliofaulu kwenye redio nilisikiliza mpaka mwisho, nikijua lake halimo, na mwaka uliofuata nikasikiliza tena.

Leo nakaa nyumbani kwangu na mapazia yangu mawili. Kiangazi kikija na vumbi lake, mkwe wangu hutaka kushusha chuma akisugue, na skrubu zinamkatalia kabisa. Hunijia mikono kiunoni. "Mama, weye fundi muzima, skrubu ya kwako njo iko na kutu hivi? Nipe mafuta."

Kichupa ninacho, na kina mafuta. Simpi. Namwambia aache, zishike.