Kibao kilichokuwa kinazuia mlango wa chumba cha majarida

Wakuu, habari za muda huu.

Nina kisa cha kazini kwangu. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nitakieleza kwa mpangilio kama kilivyotokea, bila kuongeza chumvi.

Mimi ni mkutubi kwenye chuo kimoja hapa Mwanza, upande wa Ilemela. Nipo chumba cha majarida ya kitaaluma, yale ambayo watafiti huchapishia makala zao.

Tupo wawili. Mwenzangu ni Dada Koku, mtu wa Bukoba, mkubwa wangu wa kazi. Ukirudisha jarida kichwa chini atakuuliza kama kwenu hata vikombe mnapanga hivyo.

Kwa ambao hamjawahi kuingia chumba cha namna hii, nieleze kidogo, maana kisa chenyewe kipo hapo.

Vitabu tunavipanga kwa somo. Majarida tunayapanga kwa alfabeti, kufuata jina la jarida. Matoleo mapya yanakaa mbele, yameegeshwa ili jalada lionekane. Ya zamani yanajalidiwa pamoja yanakuwa kama kitabu kinene, jina linaandikwa mgongoni, yanakwenda rafu za nyuma.

Shida ni kwamba majarida hubadili majina. Wanakuja wahariri wapya, na jina jipya.

Sasa kila maktaba inachagua. Zipo zinazoliacha kila toleo chini ya jina lililozaliwa nalo. Nyingine zinakusanya yote chini ya jina jipya, ili ndugu wasitengane. Sisi ni hao wa pili. Pale lilipokuwa jina la zamani tunasimamisha kibao cha mbao, ukubwa wa kitabu, kinachokuelekeza uende rafu gani.

Basi.

Asubuhi moja akaingia mama mtu mzima, kajifunga kitenge vizuri, ametoka Sengerema kwa kivuko cha mapema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Natafuta maneno ya mume wangu."

Tukamkalisha. Akaeleza.

Mume wake alikuwa afisa uvuvi. Sasa ni mzee, na kumbukumbu zinamtoka. Majina ya wajukuu yamekwenda. Kilichobaki ni kimoja: anasema aliwahi kuandika makala kuhusu kukausha dagaa kwenye chanja badala ya mchangani, ikatoka kwenye jarida linaloitwa Tafiti za Uvuvi. Kila siku anaomba aletewe.

"Watoto wanamjibu 'sawa baba, sawa baba', kama unavyombembeleza mtoto. Mkubwa wao kasema baba anaota, tusimpe moyo. Mimi nilikuwepo, mwanangu. Lakini nikisema nilikuwepo, wananitazama kama na mimi nimeanza."

Koku akaingia kwenye kompyuta. Hakuna kitu. (Baadaye tuligundua majina ya zamani hayakuwahi kuingizwa humo.)

Tukaenda rafu ya T. Koku akapitisha kidole mgongo hadi mgongo, akarudia. Hakuna jarida, hakuna kibao. Jina hilo sote wawili hatukuwahi kulisikia.

"Mama, kwetu halipo," Koku akasema kwa upole. "Pengine lilikuwa chuo kingine."

Mama akaitika. Akainuka, akajifunga kitenge upya.

"Basi labda kweli tumeanza wote wawili."



Akaaga. Sasa mlango wetu unatazama ziwa, na upepo ukivuma unajibamiza vibaya. Tangu naanza kazi pale nilikuta kipande cha mbao kimesukumizwa chini yake kuuzuia. Nakipita kila siku.

Mama, kwa adabu zake, akataka kutufungia mlango polepole nyuma yake. Akainama, akakitoa kile kipande, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge. Kisha akarudi nacho.

"Kibao chenu hiki. Msikikanyage, kina maandishi."

Koku akakipokea. Akakigeuza.

"Yesu na Maria."

Ilikuwa imeandikwa kwa rangi iliyofifia: Tafiti za Uvuvi, tazama Maji na Viumbe.

Sikumbuki nani alitangulia kufika rafu ya M. Yalikuwepo yote, kijani kibichi, yamejipanga kimya. Koku akafungua moja, akafungua jingine, akasimama.

Jina la mzee lilikuwa pale, chini ya kichwa cha makala. Mama akaweka kidole juu yake.

Mwishoni mwa makala kulikuwa na shukrani. Koku akamsomea: mwandishi anamshukuru mke wake Mbuke, aliyegeuza dagaa kwenye chanja na kuwafukuza kunguru.

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Kunguru! Yaani kaniandika na kunguru wangu!"

Tukamtolea fotokopi. Koku akagonga muhuri wa maktaba kila ukurasa. "Ili huyo mkubwa wao asije akasema umechapisha steshenari."

Baada ya siku chache mama akapiga simu.

Alimpa yule mtoto wao mkubwa fotokopi amsomee baba yake. Akasoma, akafika sehemu inayoeleza kukausha mchangani, mzee akamkatiza: "Soma vizuri. Umeruka mstari."

Na kweli alikuwa ameruka. Mzee akausema ule mstari mwenyewe, macho kayafumba.

Mama anasema yule kijana alitoka nje, akasimama kwenye migomba kwa muda. Aliporudi alisema tu, "Shikamoo baba," kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

Nilichojifunza ni kidogo, wakuu. Mzee akikutajia kitu na wewe hukioni, usikimbilie kusema hakipo. Huenda kimehamishwa, na aliyekihamisha aliacha alama ambayo sisi tumeiweka mlangoni.

Kibao kimerudi rafu ya T. Mlango sasa tunauzuia kwa jiwe; Mwanza hii mawe hayajawahi kuadimika.

Nawakaribisha. Kuna mzee wako aliyewahi kusema jambo mkadhani anaota, kisha mkalikuta? Tupia hapa chini, nasoma zote.