Kichwa cha Waya

Ukimwona akipita na sepeto begani kwenda kufukia mabomba ya maji, magoti yamejaa vumbi, utadhani ni kibarua tu. Ndiyo, ni kibarua. Lakini jina la Fuko hakulipata kwenye mabomba, alilipata jeshini. Huko huko ndiko alikopatwa na jambo lililomnyamazisha, na mimi nikisikia watu wanamcheka kwamba haongei, hasira hunipanda. Hamjui lolote, basi tulieni niwaambie.

Kazi yake ilikuwa kuzika waya. Redio za masafa mafupi kwa kawaida hufungiwa waya juu ya milingoti, lakini vitani mlingoti ni kumpungia adui mkono: ndege ikiuona tu, kwisha habari yenu. Kwa hiyo kikosi chao kililaza nyaya chini, kwenye mitaro ya kina cha kiwiko, kisha wakazifukia. Fuko alikuwa akichekecha udongo kwanza, asije akaacha jiwe likachuna ganda la waya. Ncha aliziziba kwa lami, maana maji yakiingia, kwaheri sauti. Majani aliyarudishia juu taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Wenzake walimtania, "Fuko, wewe ukifa hatupati shida, utajizika mwenyewe!" Naye alicheka hadi akashika mbavu. Enzi hizo alikuwa na kicheko, jamani.

Sasa, waya wa chini una tabia yake. Ule wa juu hutupa sauti kwa ubavu, lakini wa chini husemea kichwani: kule ncha inakoelekea ndiko unakosikika, na ndiko unakosikia. Wageni wa kazi hiyo wote walikosea hapo hapo. Waliulaza kama wa mlingotini, wakabaki kuita hewa tupu. Tena waya mmoja ardhini hunong'ona tu. Ukitaka ufike mbali, lazima ulaze kadhaa sambamba, zote zikielekea upande mmoja.

Mambo hayo alimfundisha mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyemfuata jeshini na kwenye kazi ile ile. Walikuwa wawili tu, na baba yao alikwisha kufariki. Mama yao, fundi cherehani, aliwalea kwa kushona sare za shule. Siku wanaondoka kwenda vitani alimshika Fuko mkono mlangoni. "Mkubwa ni wewe," akamwambia. "Nimekukabidhi mwenzio."

Huko vitani wakatenganishwa. Kitinda alipelekwa kituo kidogo cha milimani, upande wa kaskazini, akae redioni. Fuko akabaki makao makuu, na jeshi kubwa likavuka mto kwenda mashariki. Fuko alilaza nyaya pande zote mbili, na kila asubuhi alimsikia mdogo wake akiripoti. Moyo wake ulitulia.

Kisha makombora yakaanguka juu ya mitaro ile, yakakatakata nyaya za kaskazini na za mashariki pia. Walipookota vipande vilivyobaki vizima, vilitosha upande mmoja tu. Kuvigawa ilikuwa sawa na kunong'ona pande zote mbili, asisikike mtu. Na habari ikawa imeingia: adui anakuja kwa nguvu, milimani na ng'ambo ya mto.

Kapteni alimwita pembeni. "Sajenti, wale wa ng'ambo wasipoambiwa warudi watateketea wote. Waya unaelekea mashariki. Lakini najua aliyeko kaskazini ni nani. Ukipenda kaa kando, nimpe mwingine kazi hii."

"Mwingine ataulaza kwa ubavu, afande," Fuko akajibu. Akachukua sepeto.

Alichimba analia, kamasi na machozi vikichanganyika na udongo, wala hakujificha. Angeweza kuelekeza ncha kaskazini, nani angegundua upesi? Hakufanya hivyo. Sauti ikafika ng'ambo ya mto, jeshi likarudi, wake wengi wakarudishiwa waume zao. Waya mpya ulipoletwa na kuelekezwa milimani, hakukuwa na wa kuitika.

Msibani, cherehani ilisogezwa pembeni watu wapate pa kukaa. Mjomba mtu, ndugu wa mama yao, hakuwahi kujua kunong'ona. "Jeshini wanasema kile kituo hakikuita kabisa," akasema. "Labda kijana alilala zamu."

Mama akainamisha kichwa kwa aibu. Hapo Fuko akashindwa kuvumilia.

"Hakulala!" akasema kwa sauti. "Aliita. Mimi ndiye niliyeelekeza waya kwingine."

Mama akainua uso. "Alikuwa anaita?"

"Lazima alikuwa anaita, mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Tangu siku hiyo mama hakumsemesha. Si kwamba alimhama, la. Uzee ulipomwingia alihamia kwa Fuko, akala chakula chake, akalala chini ya paa lake. Ila maneno yote yalipitia kwa mkwewe: "Mwambie mumeo chai inapoa." "Mwambie mumeo bati linavuja." Na Fuko amekaa pale pale, anasikia! Mkewe aliwahi kutania, "Nyumba hii redio ni mimi." Hakuna aliyecheka. Miaka ikaenda hivyo, na Fuko naye taratibu akaacha kuongea na watu.

Mama alipougua mara ya mwisho, Fuko ndiye aliyemgeuza kitandani na kumnywesha uji kwa kijiko. Mchana mmoja, mkewe yuko uani anafua, mama akasukuma kijiko pembeni.

"Kama ungekuwa wewe kule milimani," akasema, "na yeye ndiye mwenye sepeto."

Fuko alikuwa amesahau sauti ile inavyokuwa ikielekezwa kwake. "Angefanya kama mimi, mama. Nilimfundisha mwenyewe."

"Sikukuuliza angefanya nini. Wewe ungetaka nini?"

Akatafuta jibu la kiaskari, la wajibu na la wengi waliopona. Alikuwa nalo, amelitunza miaka yote hiyo. Akaliacha.

"Ningetaka anisikie," akasema.

"Eeh," mama akasema. "Basi na mwanangu alitaka hivyo hivyo."

Fuko akaweka bakuli chini, akalaza kichwa kitandani, akalia kwa sauti kama mtoto. Mama akamwekea mkono kichwani, naye akalia. Alifariki juma hilo hilo. Kwamba amemsamehe, hakusema.